Mama wa Kwenye Rejista

Mchungaji aliposema watoto wa marehemu wasimame, walisimama kumi na wanne. Mama Furaha alizaa watatu tu. Majirani zake Wazulu waliokuwa safu ya nyuma wakaanza kuangaliana, mmoja akahesabu kwa vidole, lakini sisi Wakongo hakuna aliyegeuza shingo, maana tulijua. Kati ya wale kumi na wanne alikuwamo Rehema wangu, msichana mrefu sasa, ana kazi yake Midrand na viatu vya kisigino vinavyolia akitembea. Alisimama bila kunitazama. Hakunikosea; ilikuwa haki yake kusimama, na ningemgombeza kama angebaki ameketi. Hata hivyo nilishindwa kutulia. Nilifungua mkoba, nikaufunga, nikaufungua tena, mwishowe nikatoka nje nikisingizia kwamba nakwenda kuangalia masufuria, na masufuria yenyewe yalikuwa tayari yanaangaliwa na wanawake wanane. Mmoja wao akaniambia nitafute pa kukaa, nawasumbua. Nikaegemea ukuta, harufu ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, ikinijia usoni, nikaukumbuka mwaka wa uchaguzi wa bodi ya shule. Nimejaribu mara nyingi kuusahau. Sasa naona afadhali niuandike, labda utaniachia nafasi.

Sitaeleza nilivyofika Johannesburg. Hadithi hiyo kila mmoja wetu anayo, na zote zina basi moja bovu na mpaka mmoja mbaya. Nianzie kwenye fleti ya Yeoville, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule iliyogawanywa kwa mapazia. Upande wangu wa pazia palikuwa na godoro, sanduku, na dirisha lisilofunguka. Jiko lilikuwa la wote, na mwenye jiko alikuwa Mama Furaha. Alitoka Bukavu kama mimi, lakini alikuwa ametangulia miaka mingi, na alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho: karatasi za kudumu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, na kibali changu cha hifadhi kilikuwa cha kuombea upya kila baada ya miezi michache, foleni tangu alfajiri, unarudi na muhuri au unarudi na tarehe nyingine. Rehema alipofika umri wa kuanza shule, karani wa shule alikitazama kibali changu kilichokuwa kimebakiza siku nne akasema nirudi nikiwa na kinachoeleweka. Nilirudi nyumbani nikalia juu ya sufuria ya bukari, ugali wa kwetu. Mama Furaha akanipokonya mwiko, akaendelea kusonga yeye, akasema bila hata kugeuka, "Umuandikishe kwa jina yangu. Mu karatasi atakuwa wangu, ku nyumba atabakia wako. Kuko nani atakufa?" Hakuna aliyekufa. Tayari alikuwa na watoto wa wengine kwenye jina lake, na baada ya Rehema wakaongezwa wengine. Ilipofika mwaka ninaousimulia, shule ile ilikuwa na watoto kumi na wanne wa mama mmoja, wengine wamepishana umri kwa miezi miwili, na karani hakuuliza, kwa kuwa karatasi ilikuwa na muhuri wake.

Jambo lile lilikuwa na masharti yake, na tuliyashika kama amri za kanisani. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake, na tangu siku Rehema alipozaliwa hakuna mtu aliyeniita vingine ila Mama Rehema. Lakini nikikaribia shule, mitaa miwili kabla ya geti, niligeuka kuwa Neema tu. Na kwa kweli getini sikwenda. Mama Furaha ndiye aliyewapeleka na kuwachukua wote, akivuka nao kwenye robot, taa za barabarani, wakiwa wameshikana mikono, madereva wakimwangalia midomo wazi. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, tulikuwa tunawafanyisha watoto mazoezi jikoni. Nilimsimamisha Rehema mbele yangu. Mama yako nani? Mama Furaha. Na huyu anayekuuliza? Auntie Neema. Mwaka wa kwanza alicheka sana, akadhani ni mchezo. Akikosea namrudisha mwanzo. Akipatia nampa kipande cha kuku kabla ya wengine. Januari ile alikuwa na miaka tisa, na sikuhitaji kumrudisha hata mara moja. Alijibu akinitazama machoni, haraka, bila kicheko. Nikajisifu moyoni kwamba nimelea mtoto mwenye akili. Nikikumbuka leo najiona mjinga, na si mjinga wa kuchekesha.

Kazi yangu ilikuwa kusuka nywele, Marshalltown, saluni ya ghorofani juu ya duka la viatu. Viti vitatu, birika la umeme, redio ambayo mwenyewe hakuturuhusu kubadilisha stesheni. Msusi husimama nyuma ya kichwa cha mteja saa tano, saa sita, na mteja baada ya saa ya kwanza anasahau kwamba kile kichwa chake kina mtu nyuma. Nimesikia mengi kwa namna hiyo: ndoa zilizovunjika, mimba, wizi wa ofisini. Mteja wangu mmoja alikuwa Sis Thandeka. Alizaliwa Alexandra, alikuwa anafanya kazi ofisi za jirani, na alinipenda kwa sababu sivuti nywele za mbele. Alikuja na magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, akatugawia wote kabla hajakaa. Aliniita Ma Rehema, kama walivyoniita wenzangu mle ndani. Alijua nina binti. Hakujua binti anasoma wapi, kwa sababu siku alipotaja shule ya mwanawe wa kiume, nikasikia ni shule ileile, mdomo wangu ulijifunga wenyewe, na nikamuuliza anataka rangi gani ya rasta.

Ilikuwa Februari. Mwalimu wa darasa la nne, alilokuwamo Rehema, Ma'am Lerato, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, alikuwa anawasomea watoto kitabu chenye jalada la kijani. Kilikuwa kinasimulia habari za msichana aliyekuja mjini na wazazi wake kutoka mbali, baba akafungua spaza, kiduka cha mtaani, kisha siku moja watu wakaja kuvunja na kuchoma, na bibi wa jirani akawaficha ndani ya kabati lake la nguo hadi vurugu zikapita. Kitabu chenyewe hakikuwa kirefu. Rehema alikileta nyumbani siku ya Ijumaa akakisoma amelala kifudifudi kwenye godoro letu, na Jumamosi, mimi nikichambua dagaa, akanijia akaniuliza kwa Kiingereza kama na mimi niliwahi kujificha. Lazima nieleze kwamba Rehema hakuwa ananiuliza kitu. Alikuwa mtoto wa kujibu. Kiswahili alikisikia chote lakini alikijibu kwa Kiingereza, na mambo ya kabla yake hakuyataka. Aliyaona kama ugonjwa wetu wakubwa. Nikamwambia ndiyo, niliwahi, si huku, kule nyumbani. Wapi? Chini ya kitanda cha shangazi. Ulikuwa na nani? Tulizungumza hadi dagaa wakaliwa na nzi. Nilikipenda kitabu kile kuliko ninavyoweza kusema. Nilihisi kwamba mtu nisiyemjua ameniandikia barua ya kumjulisha mwanangu mimi ni nani.

Wiki iliyofuata Sis Thandeka alikuja kusuka. Simu yake ililia kabla sijamaliza mistari ya kisogoni, na kwa saa nzima alizungumza na watu wa kundi lao la kupinga wageni, Kiingereza na Kizulu vikichanganyika. Kundi hilo lilikuwa na fulana zao na nyimbo zao, na mwaka ule lilikuwa limegundua kwamba bodi za shule zinachaguliwa na wazazi wachache wanaojisumbua kuja, kwa hiyo ukileta basi moja la wazazi, shule ni yako. Nilisikia majina matano ya wagombea wao, la kwake likiwa la pili. Nilisikia kwamba bodi ndiyo inayopitisha vitabu vya darasani, na kwamba Ma'am Lerato aliajiriwa na bodi, si na serikali, kwa hiyo naye ataondoka na kitabu chake. Mikono yangu ikaendelea kusuka. Alipokata simu akaniambia kitu ambacho hadi leo nakigeuzageuza. Alisema mwanawe alirudi nyumbani akilia, akamuuliza, Mama, ni sisi tuliochoma watu? "Nimekulia Alex, Ma Rehema. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa waliozuia wageni wasichomwe. Sasa nimjibu nini mtoto wa miaka tisa?" Nilitaka kumchukia na nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanikatisha. Nikamwambia ainamishe kichwa.

Nyumbani nilishindwa kula. Nilimweleza Mama Furaha, naye akamwita Bwana Otieno, Mkenya mhasibu aliyekuwa na binti darasa la sita, mtu wa tai hata Jumapili, ambaye tayari alikuwa amejiandikisha kugombea upande wa pili. Alikuja Jumapili mchana baada ya kanisa, tukajibana sebuleni, mapazia yamevutwa pembeni, wanawake tisa sakafuni na Bwana Otieno kwenye kiti pekee. Aliongea vizuri. Alieleza kwamba kila mzazi ana kura moja, awe na mtoto mmoja au watano, na kwamba kuwa mgeni si kizuizi mradi jina lako limo kwenye rejista ya shule. "Nyinyi watu wa Kongo mko na watoto wengi pale," akasema, "mimi huwaona wakitoka, ni laini ndefu. Mkikuja wote, hii kitu tumeshinda." Mama Furaha akammiminia chai kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa. Nadhani sote tisa tuliliona jambo lile kwa wakati mmoja. Miaka ile yote tulijiona wajanja. Tulikuwa tumewahesabisha watoto na kujifuta wenyewe. Bwana Otieno alitutazama mmoja mmoja, akaanza kuelewa, akauliza taratibu, "Kwani hao wote wako na mama mmoja?" Mama Furaha akajibu kwamba Mungu amembariki.

Niliuliza kama hakuna namna. Bwana Otieno, akikuna kidevu, akasema mzazi halali anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa akaomba aongezwe siku hiyohiyo, msimamizi akikubali. Cheti cha Rehema nilikuwa nacho, jina langu limo. Baada ya mgeni kuondoka nikasema nitakwenda. Mama Furaha hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Neema, ukifungua ule mulango juu ya mutoto moja, wote watatokea mule. Utarudisha watoto kumi na moja ku nyumba juu ya kitabu?" Wenzangu wakatazama chini. Aliniita Neema ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nikajua amekasirika. Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, lakini kusikia si kutii. Wiki mbili zile za kungoja uchaguzi nilikuwa mtu wa kuudhi: nilifua vilivyo safi, niligombana na redio ya saluni, nilimsuka mteja mmoja mistari ikapinda na nikalazimika kufumua yote. Kila nilipomwona Rehema na kile kitabu nilihisi kwamba mtu anakuja kutuvunjia spaza yetu, na mimi nimekaa kabatini.

Uchaguzi ulikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa shule. Mama Furaha aliondoka mapema akiwa amevaa kitenge chake cha sherehe. Nilingoja nusu saa, nikaweka cheti ndani ya mkoba, nikamshika Rehema mkono, nikamwambia tunakwenda dukani. Tulipopita duka akanitazama. Ukumbini palikuwa na foleni mbili na fulana nyingi za lile kundi, watu wakila maboga ya kukaanga nje na kupiga soga. Ungedhani ni harusi. Nilipofika mezani, msimamizi, mzee mpole aliyeletwa kutoka shule nyingine, akaniomba jina la mtoto. Akapitisha rula kwenye rejista, akaona, akanieleza kwamba mzazi wa Rehema ameshapiga kura. Nikasema, kwa Kiingereza changu kilichonyooka siku ile kuliko siku zote, kwamba mama yake ni mimi, na cheti ninacho. Nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile ndani ya uzio wa shule. Nilishaanza kufungua mkoba.

Nyuma ya msimamizi walikuwa wamesimama mawakala, na mmoja wao, mwanamume wa lile kundi mwenye kofia, akainama juu ya meza. Akasema kama huyu ndiye mama, yule aliyepiga kura sasa hivi ni nani? Akaomba rejista ifunguliwe tangu mwanzo, wahesabu yule mwanamke wa kitenge ameandikiwa watoto wangapi. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa analingojea swali lile. Msimamizi akarudisha rula juu ya ukurasa. Kando ya yule bwana alikuwa amesimama Sis Thandeka, nywele nilizomsuka zikiwa bado mpya, ananitazama. Kwa mbali, karibu na sanduku la kura, nilimwona Mama Furaha ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, amekauka. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Rehema akauachia mkono wangu. Akasogea mezani, kidevu kikiwa sawa na ukingo wake, akamwambia msimamizi, "Huyu si mama yangu. Ni auntie. Mama yangu ni yule pale." Akanyoosha kidole.

Alisema haraka, akimtazama mtu machoni, bila kicheko. Yule bwana wa kofia hakuridhika. Akamgeukia Sis Thandeka akamuuliza kama ananifahamu. Sis Thandeka, aliyeniita Ma Rehema kwa miaka miwili, ambaye alikuwa ameshasikia mtoto anaitwa Rehema, alinitazama muda mrefu kidogo. "Ananisuka," akasema. "Hana mtoto hapa. Mwacheni aende." Rejista ikafungwa. Sijui hata leo alikuwa ananiokoa au alikuwa anaupunguzia upande wetu kura moja. Nimewahi kukaribia kumuuliza. Alirudi kusuka mwezi uliofuata, na magwinya yake, na hatukulizungumza. Labda yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na labda hata yeye hajui ni lipi lilitangulia.

Yaliyofuata ni mafupi. Kundi lao lilichukua viti vyote, na Bwana Otieno alikosa kiti cha mwisho kwa kura tatu. Sisi tulikuwa tisa, na kura yetu ilikuwa moja. Kitabu cha kijani kilikusanywa kabla ya Pasaka, Rehema akarudisha nakala yake akiwa ameifunika kwa gazeti isichakae, na Ma'am Lerato hakuonekana tena muhula wa tatu. Mama Furaha hakunisema. Jioni ile alinipakulia chakula kabla ya wengine, na huruma hiyo iliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Jina langu niliandika kwenye rejista miaka minne baadaye, Rehema alipoanza sekondari, kibali kikiwa kimetengamaa. Nilipomaliza kuandika nilimtafuta nimwonyeshe, na alikuwa ameshatoka nje kuzungumza na wenzake. Watu huniambia mtoto yule ana moyo mgumu, hakulia hata kwenye mazishi. Huwa najibu kwamba ndivyo alivyo, na wakiondoka najiuliza nani alimfanya hivyo, na jibu ninalijua.

Lakini kinachonikosesha usingizi hadi leo si ukumbi ule, ni njia ya kurudi. Tulitoka getini, nikawa natembea mbio, naye anakimbia kidogo ili anifikie. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nimeokolewa, na sikujua nimshukuru nani au nimgombeze nani. Baada ya robot ya pili akanivuta sketi. Akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hata nikimwita kula hunijibu kwa Kiingereza: "Nimesema vizuri?" Nikasimama. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama kila Januari jikoni, anangoja kipande chake cha kuku. Nilipaswa kupiga magoti pale kwenye lami nimwambie ukweli wote. Nikamfuta jasho la paji la uso kwa kiganja changu.

"Umesema vizuri, mwanangu," nikamwambia, na lile neno la mwisho nililisema kwa sauti ya chini sana, maana mbele yetu walikuwa wanatembea wazazi wengine.